Jinsi ya Kupima na Kupunguza Mzigo wa Viendelezi kwenye Kivinjari cha Simu

"Mjomba, fomu imefutika yote."

Mpwa wangu alikuwa ameketi barazani kwetu mjini Arua, akijaza maombi ya kujiunga na chuo kwa simu yenye kumbukumbu ya GB 2. Alikuwa amefika sehemu ya tatu ya fomu, akatoka kwenye kivinjari kwa muda mfupi ili asome ujumbe wenye namba ya uthibitisho, na aliporudi akaukuta ukurasa unajipakia upya huku visanduku vyote vikiwa vitupu. Yeye aliulaumu mtandao. Mimi, baada ya kuichunguza simu ile kwa dakika kumi hivi, nililazimika kukiri kwamba sehemu kubwa ya lawama ilikuwa yangu, kwa sababu miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimemsakinishia viendelezi sita kwenye kivinjari chake, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo, nikidhani ninamrahisishia masomo.

Maelekezo yanayofuata yametokana na kazi ya kuirekebisha simu hiyo, pamoja na simu za walimu wenzangu zilizoletwa baadaye. Yanamfaa zaidi mtu mwenye simu ya Android ya bei ya chini au ya kati, anayenunua bando na kulihesabu, na anayetumia kivinjari kwa kazi za kweli kama kusoma magazeti, kutafuta matokeo ya mitihani na kujaza fomu. Mwenye iPhone nitamkumbuka kwa ufupi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kila kiendelezi hukiongezea kivinjari kazi, na kwamba kwenye simu ndogo kinastahili kubaki pale tu kazi kinayoiondoa kwenye ukurasa inapozidi kazi kinayoileta. Kwa uzoefu wangu, aina inayoushinda mtihani huo mara kwa mara ni moja tu, nayo ni kizuia matangazo.

Programu-jalizi za zamani na viendelezi vya sasa

Watu wengi huyachanganya majina haya mawili, na kuchanganya huko kuna hasara. Programu-jalizi ilikuwa programu kamili ya pembeni iliyochomekwa ndani ya kivinjari ili kifanye jambo ambacho chenyewe hakikuliweza, kama kucheza video au michezo. Mtindo huo ulianza na kivinjari cha Netscape Navigator 2.0 katika miaka ya 1990, na iliyopata umaarufu kuliko zote ni Flash. Kwenye simu Flash haikufua dafu. Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini kampuni yake haitairuhusu kwenye iPhone, akitaja miongoni mwa sababu zake ulaji wa betri, usalama na kazi duni kwenye vifaa vya kuguswa. Novemba 2011 Adobe yenyewe, kampuni iliyoimiliki Flash, ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena kwa vivinjari vya simu. Na tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kuihudumia hata kwenye kompyuta. Kazi zake zilichukuliwa na HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ambayo ilikubaliwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti Oktoba 2014 na ambayo kila kivinjari cha leo kinaielewa bila kuongezewa kitu.

Kwa hiyo ukurasa wowote unaokuambia leo kwamba usakinishe Flash, au "kichezaji" fulani, ndipo video icheze kwenye simu yako, ufunge. Hakuna kitu halali cha kusakinisha hapo.

Kiendelezi ni kitu kingine. Huandikwa kwa lugha zilezile zinazotumika kutengeneza kurasa za wavuti, huishi ndani ya kivinjari, na hufanya kazi kwa ruhusa unazokipa. Si kila kivinjari cha simu kinavikubali. Chrome ya simu za Android haivipokei kabisa, ingawa ndugu yake wa kompyuta anavipokea kwa maelfu. Firefox ya Android ilikuwa na vichache vilivyochaguliwa tangu mwaka 2020, kisha Desemba 2023 ikafungua mlango kwa mamia, na huo ndio mlango niliouingia kwa pupa. Samsung Internet hukubali vizuia matangazo, Microsoft Edge imekwisha kuanza kupokea viendelezi kadhaa, na Kiwi, iliyopendwa sana na vijana kwa sababu ilivikubali viendelezi vya Chrome, iliachwa na mwenye mradi mwanzoni mwa mwaka 2025. Kivinjari kisichosasishwa tena ni hatari kwa usalama, kwa hiyo aliye na Kiwi bado na ahame.

Anza kwa kupima

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusakinisha kwanza na kushangaa baadaye. Kipimo chenyewe hakihitaji kompyuta wala programu ya ziada. Chagua kurasa tano unazozitembelea kweli kila wiki, ziandike kwenye karatasi, na uhakikishe kuna angalau moja ya gazeti, kwa sababu hizo ndizo nzito. Funga vichupo vyote vya kivinjari na ufute akiba yake, la sivyo picha zilizohifadhiwa jana zitakudanganya leo. Kisha bonyeza ikoni ya kivinjari kwa muda mrefu, ingia kwenye maelezo ya programu, na utafute mahali panapoonyesha data ya simu iliyotumika. Andika tarakimu hiyo. Sasa fungua kurasa zako tano moja baada ya nyingine, kila moja uisubiri kwa nusu dakika na uiteremshe hadi mwisho kama msomaji wa kawaida, kisha urudi kwenye tarakimu ile baada ya dakika chache, maana simu nyingi huchelewa kidogo kuisasisha. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo gharama ya kurasa zako kwa MB.

Rudia zoezi zima mara ya pili, wakati uleule wa siku na mahali palepale. Mtandao wa saa mbili usiku, kila mtu akiwa nyumbani na simu mkononi, si mtandao wa alfajiri, na ukilinganisha kipimo cha usiku na cha alfajiri utakuwa umeupima mnara badala ya kivinjari.

Pamoja na MB, pima mambo mawili kwa macho na saa. La kwanza ni sekunde zinazopita tangu uguse kiungo hadi uweze kusoma sentensi ya kwanza. Wataalamu wa Google hushauri sehemu kuu ya ukurasa iwe imeonekana ndani ya sekunde 2.5. La pili ni kama maandishi yanarukaruka baada ya kuonekana. Umekwisha kuliona hili hata kama hukulipa jina: unasoma aya ya pili, unataka kugusa kiungo cha habari inayofuata, na wakati kidole kimekwisha kuteremka, tangazo linachomoza juu, aya zote zinasukumwa chini, na kidole kinatua kwenye tangazo la mikopo. Hapo umelipia ukurasa usioutaka.

Aliye na kompyuta karibu anaweza kwenda mbali zaidi kwa kuunganisha simu kwa waya na kuandika chrome://inspect kwenye Chrome ya kompyuta, au about:debugging kwenye Firefox, ili aone kila faili linaloteremshwa na uzito wake. Inapendeza kuliona, lakini kwa uamuzi wa kubakiza au kuondoa kiendelezi, karatasi na saa vinatosha.

Mzigo unatoka wapi

Chukua habari ya kawaida ya gazeti yenye maneno elfu moja. Maandishi yenyewe hayafiki KB 10. Ukurasa unaoyabeba mara nyingi huzidi MB 2, yaani zaidi ya mara mia mbili ya kile ulichokuja kukisoma. Sehemu ya uzito huo ni picha, ambazo angalau unaziona. Sehemu nyingine ni hati za JavaScript, yaani maagizo ambayo simu hulazimika kuyatekeleza: za matangazo, za kuhesabu wasomaji na za kukufuatilia kutoka tovuti hii hadi ile.

Hati hizo hukaa kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, za watu mbalimbali, na hapo ndipo umbali unapouma. Kabla simu haijapokea hata herufi moja kutoka kwenye seva mpya, ni lazima iulize anwani yake, ifungue mawasiliano nayo, kisha wakubaliane namna ya kusimba ujumbe, yaani kuufunga kwa siri ili wengine wasiusome. Hizo ni safari tatu au nne za kwenda na kurudi. Kwenye mtandao ambao safari moja huchukua milisekunde 200, jambo la kawaida ukiwa kwenye 3G, zaidi ya nusu sekunde imepita na hujapata kitu. Simu huweza kuzungumza na seva kadhaa kwa pamoja, lakini hati moja huita nyingine, ile nayo ikaita ya tatu, na foleni inarefuka. Nikiwa ndani ya teksi kuelekea Vurra, ambako ishara hupanda na kushuka kila kilima, nimewahi kuukodolea macho ukurasa mweupe kwa muda mrefu kuliko ule niliotumia baadaye kuisoma habari yenyewe.

Yote hayo ni mtandao tu. Zikishafika, hati za JavaScript huitwisha simu kazi kwa namna ambayo picha haiifanyi. Picha ya KB 100 hufumbuliwa na kuchorwa, basi. Hati ya KB 100 ni lazima isomwe, itafsiriwe kwa lugha ya kichakataji na kutekelezwa, na kwa kawaida utekelezaji huo hufanyika kwenye mkondo uleule mmoja wa kazi unaopokea miguso ya kidole chako na kuuchora ukurasa. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kivinjari kina takriban milisekunde 16 za kumaliza kila mchoro; hati ikiushika mkondo kwa milisekunde 300, ukurasa husimama na kidole chako hakijibiwi. Simu ya bei kubwa humaliza kazi hiyo upesi usihisi kitu. Simu ya bei ya chini hupata joto mgongoni.

Halafu kuna kumbukumbu. Simu yenye GB 2 hugawana kumbukumbu hiyo baina ya mfumo wa Android wenyewe, WhatsApp, kibodi na vingine vingi, na kivinjari hubakiwa na nafasi finyu. Unapotoka kwenye kivinjari kwenda programu nyingine, Android ikiona nafasi imebana huua kurasa zilizoachwa nyuma bila kukuuliza. Ukirudi, ukurasa hupakiwa upya: bando linalipa mara ya pili, na chochote ulichokuwa umekiandika kwenye fomu kinaweza kupotea. Hilo ndilo lililompata mpwa wangu.

Viendelezi huingia kwenye hesabu hii kwa njia mbili. Kwanza, baadhi yao huishi nyuma ya pazia muda wote kivinjari kinapokuwa wazi, vikila kumbukumbu. Pili, vyenye ruhusa ya kusoma kurasa zote huingiza hati yao ndani ya kila ukurasa unaoufungua, uwe unavihitaji au huvihitaji. Kamusi niliyomwekea mpwa wangu, iliyotakiwa kumpa maana ya neno akilibonyeza, ilikuwa inajipenyeza katika kila ukurasa ikisubiri mbonyezo ambao labda ulikuja mara moja kwa wiki. Kibaya zaidi kilikuwa kile cha kugeuza kurasa kuwa nyeusi. Kiendelezi cha namna hiyo husoma kanuni zote za rangi za ukurasa na kuziandika upya, tena huendelea kuzifuatilia ukurasa unapobadilika. Watu hukitaka kwa kuamini kwamba kinaokoa chaji, na kweli huokoa kwenye skrini za OLED, ambazo nukta nyeusi haitoi mwanga. Lakini simu nyingi za bei ya chini zina skrini za LCD, ambazo taa yake ya nyuma huwaka vilevile ukurasa uwe mweusi au mweupe. Tulikuwa tunalipa kazi yote ile bila kupata kitu isipokuwa rangi.

Kumtafuta mkosaji

Ukiwa na viendelezi vinne au zaidi, usiviondoe kimoja kimoja kwa kubahatisha. Zima nusu yake, ufungue upya kivinjari, na utembelee ule ukurasa unaokusumbua zaidi. Uzito ukiisha, mkosaji yumo katika nusu uliyoizima. Ukibaki, yumo katika ile nyingine. Gawa tena nusu yenye mkosaji. Kwa viendelezi sita utampata kwa majaribio matatu. Kwenye Firefox gusa alama ya nukta tatu, uingie sehemu ya viendelezi, uguse jina la kiendelezi na uzime swichi yake. Kuzima hakufuti mipangilio yako, kwa hiyo huna la kuogopa.

Ukiwa hapohapo soma ruhusa za kila kimoja. Kiendelezi kinachosema kinaweza kufikia data yako katika tovuti zote kinasema kweli: kinaweza kuona unachosoma na unachoandika, nenosiri likiwemo. Kizuia matangazo hakiwezi kufanya kazi bila ruhusa hiyo. Kikokotoo cha sarafu kinaweza, na kikiiomba, kifute. Viendelezi huuzwa pia kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na mmiliki mpya huenda asiwe na nia ya yule wa kwanza. Nami hukitilia shaka kiendelezi chochote kinachoomba ruhusa mpya baada ya kusasishwa.

Kuweka kizuia matangazo na kukifundisha kubana matumizi

Kwa Firefox ninapendekeza uBlock Origin, kilichotengenezwa na Raymond Hill, ambacho ni cha bure na hakina kampuni ya matangazo nyuma yake. Kuna viendelezi vyenye majina yanayofanana nacho, kwa hiyo kisakinishe kutoka sehemu ya viendelezi ndani ya Firefox yenyewe badala ya kufuata kiungo ulichotumiwa. Fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa sababu mara baada ya kusakinishwa hupakua orodha za vichujio, yaani kanuni za kukiambia kitu gani cha kuzuia, nazo zina uzito wake.

Faida ya kizuizi cha aina hii ni kwamba huikata hati kabla haijaombwa. Seva ya tangazo haiulizwi, mawasiliano hayafunguliwi, JavaScript haiteremshwi wala haitekelezwi, na nafasi yake kwenye kumbukumbu haitumiki. Ndiyo maana hulipa deni lake mwenyewe, ingawa nacho hula kumbukumbu kwa kuzihifadhi orodha zake. Usikiongezee orodha kwa tamaa. Nimeona simu ya mwalimu mmoja ikiwa imewashwa kila orodha iliyopatikana, hata za lugha ambazo hazijawahi kusomwa katika nyumba ile. Zile zinazokuja zimewashwa zinatosha. Kwenye ukurasa wa orodha kuna pia chaguo la kupuuza vichujio vya mapambo visivyolenga tovuti maalumu. Liwashe kwenye simu dhaifu: utaona visanduku vitupu hapa na pale mahali pa matangazo, lakini kivinjari hakitahangaika kuvitafuta na kuvificha.

Kitu ambacho watu wengi hawakifikii kimo kwenye mipangilio, katika sehemu ya tabia za kawaida. Hapo unaweza kuamuru kwamba picha, sauti na video zinazozidi kiasi fulani zisiteremshwe mpaka uziguse. Kiasi kinachopendekezwa mwanzoni ni KB 50. Siku za mwisho wa mwezi, bando likikaribia kukatika, hili peke yake huyageuza magazeti kuwa maandishi yenye picha chache ndogo, na habari hubaki ileile. Unaweza pia kuzuia fonti za mbali, yaani maumbo ya herufi yanayoteremshwa na tovuti, hasara yake ikiwa tu kwamba baadhi ya ikoni zitageuka kuwa visanduku, na unaweza kuzima JavaScript kwa tovuti moja moja. Hili la mwisho litumie kwa uangalifu: tovuti za maandishi huenda mbio ajabu bila JavaScript, lakini fomu, benki na ramani hufa kabisa.

Katika kidirisha cha kiendelezi kuna kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima kwa tovuti uliyomo. Mimi nimekizima kwa magazeti mawili ninayoyasoma kila siku na ambayo matangazo yake hayanisumbui, kwa sababu waandishi nao hula. Wengine waliojaza video zinazojichezesha zenyewe sikuwahurumia.

Kuhusu thamani ya MB zenyewe, mtu wa Uganda hahitaji kukumbushwa sana. Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Kila MB ya tangazo usiloliomba imekwisha kulipiwa ushuru pia. Kama kurasa zako hubeba wastani wa MB 4, GB 1 hukupa takriban kurasa 250. Ukizishusha hadi MB 1.5, hukupa zaidi ya 650.

Asiyetaka kuiacha Chrome

Si kila mtu anafaa kuhamia Firefox. Kwenye simu dhaifu kabisa nimeiona Firefox ikichelewa kufunguka kuliko Chrome, na mtu anayesoma kurasa nyepesi tu hatapata faida ya kufidia ucheleweshaji huo. Kwa Android 9 na kuendelea ipo njia isiyohitaji kiendelezi chochote: ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, tafuta DNS ya faragha (DNS ni huduma inayoipa simu anwani ya seva kwa kutumia jina la tovuti), chagua kuandika jina la mtoa huduma mwenyewe, na uandike dns.adguard-dns.com. Tangu hapo simu inapouliza anwani ya seva ya matangazo inayojulikana, haipewi. Hufanya kazi kwa programu zote, si kivinjari tu, na haili kumbukumbu wala haisomi yaliyomo ndani ya kurasa. Ni panga butu kuliko uBlock Origin, kwani haiwezi kuzuia tangazo linalotoka seva moja na habari, na ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli inayotaka ujisajili kwanza huenda ukurasa wa kujisajili ukagoma kufunguka. Izime kwa muda, ujisajili, uiwashe tena. Kumbuka pia kwamba mwenye huduma hiyo anaweza kuona majina ya tovuti unazoziuliza, kama ambavyo kampuni yako ya simu ilivyokuwa inayaona.

Ndani ya Chrome yenyewe, zima upakiaji wa mapema wa kurasa, ambao huteremsha kurasa inazodhani utazifungua, na uondoe ruhusa ya arifa kwa tovuti zote usizozikumbuka.

Opera Mini ni njia nyingine inayojulikana sana katika miji yetu, nayo tangu ianze mwaka 2005 imekuwa ikipitisha kurasa kwenye seva zake, ikizibana kabla ya kuzituma kwenye simu. Kwa kusoma inafaa sana. Lakini katika hali yake ya ubanaji wa juu kabisa, ukurasa hufumbuliwa kwenye seva hizo, kwa hiyo usimbaji hautoki kwako moja kwa moja hadi kwenye tovuti. Mambo ya benki na nenosiri yafanye kwenye kivinjari kingine.

Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, simu nyingi zilizoletwa kwangu zina VPN ya bure, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mahali pengine, iliyosahauliwa ikiwa imewashwa. VPN hurefusha safari ya kila ombi hadi nchi nyingine na kurudi, huongeza uzito kidogo kwa kila kipande cha data kinachosafirishwa, na kwenye Android hakuna nafasi ya VPN mbili kwa pamoja, kwa hiyo vizuia matangazo vinavyojifanya VPN huzimika. Kabla ya kukilaumu kivinjari, tazama juu ya skrini kama alama ya ufunguo ipo.

Kwa wenye iPhone, Safari imekubali vizuizi vya maudhui tangu iOS 9 ya mwaka 2015 na viendelezi kamili tangu iOS 15 ya mwaka 2021. Vizuizi vile vya kwanza ni vyepesi, kwa sababu hukikabidhi kivinjari orodha ya kanuni na kukiachia kazi chenyewe bila kuona kurasa zako. Anza navyo.

Siku ya kujaza fomu

Baada ya marekebisho, rudia kipimo cha kurasa tano ukilinganisha na karatasi yako ya kwanza. Kwenye simu ya mpwa wangu tulibakiza kiendelezi kimoja kati ya sita, na matumizi ya kurasa zake yalishuka chini ya nusu. Maandishi yaliacha kurukaruka kwenye nne kati ya hizo tano.

Fomu hata hivyo zina utaratibu wake, na simu nyepesi peke yake haitoshi. Siku hiyo funga vichupo vingine vyote, uziondoe pia programu zilizoachwa nyuma, na uzime kizuia matangazo kwa tovuti ya fomu, kwa sababu baadhi ya fomu hutegemea hati zinazofanana na za ufuatiliaji nazo hukataa kutuma bila kueleza sababu. Majibu marefu yaandike kwanza kwenye programu ya madokezo, kisha uyanakili. Na namba ya uthibitisho ikifika, usiifuate kwenye programu ya ujumbe: vuta pazia la arifa kutoka juu ya skrini, uisome hapohapo, uliachie, na uiandike. Kivinjari hakitajua kwamba uligeuza macho. Mpwa wangu alijaza fomu yake mara ya pili kwa njia hiyo, barazani palepale, huku akinikataza nisiiguse simu.